Mlima Ulio Dirishani

Sura hii naiandika nikiwa na hasira kidogo, na msomaji wangu ataniwia radhi. Katika mji wa Morogoro ziko shule nyingi ambazo mwanafunzi akiinua macho kutoka kwenye daftari hana budi kuuona mlima. Upande wa kusini umesimama Uluguru kama ukuta, na kilele cha Lupanga mara nyingi kimejitanda ushungi wa mawingu. Upande wa magharibi, karibu na bwawa, uko Mindu, mlima mdogo uliojaa vichaka na mawe. Mtoto atakaa mbele ya milima hiyo miaka yake yote ya shule. Atafundishwa mlima ni nini, atauchora, ataupaka rangi, atajibu maswali yake katika mtihani wa taifa, kisha ataondoka bila kuukanyaga hata mmoja. Nasema kwamba jambo hili ni aibu, na aibu hiyo si ya mtoto wala ya mzazi wake. Ni ya ualimu wetu.

Nilianza kufundisha mwaka 1973. Nimekuwa mwalimu wa darasa, mwalimu mkuu, na hatimaye mkufunzi na mkuu katika chuo cha ualimu. Kazi nyingine siijui. Kwa hiyo haya ninayoyasema si maneno ya mpita njia.

Uluguru nauweka kando kwa leo. Huo ni mlima wa siku nzima na zaidi. Kilele chake kirefu, Kimhandu, kinapita mita 2,600, na Lupanga ulio juu ya mji unapita mita 2,000. Nautaka Mindu kwa sababu hauna sifa. Hauna theluji, wala hauna fulana iliyoandikwa jina lake. Chini una mashamba na vichaka vya miiba, juu kidogo ni miombo na nyasi ndefu zinazochana mikono, na kule juu kabisa ni mawe wanakoishi pimbi. Njia zake ni za wakata kuni, na njia ya mkata kuni haiendi kileleni, bali huishia penye kuni. Ukiivuka hapo unapasua kichaka mwenyewe. Unainama chini ya matawi, unarudi nyuma, unazunguka, unakutana na upupu (aliyewahi kuguswa na upupu hahitaji maelezo yangu), na ukikaribia juu unaacha kutembea, unaanza kuparamia mawe kwa mikono na magoti. Ni kazi ya asubuhi moja. Mtoto wa miaka 12 mwenye afya anaiweza. Mzee wa miaka sabini na kitu naye anaiweza, mradi asifuatane na watu wenye haraka.

Sasa tuulizane: mtoto anapata nini huko ambacho hakipo darasani?

Chuoni nilikuwa na desturi ya kuwauliza wanachuo wa mwaka wa pili, watu ambao miezi michache baadaye wangekabidhiwa madarasa: "Katika ramani, mistari ya kontua ikibanana maana yake nini?" Wote walijibu sawasawa, kwa sauti moja, kwamba ni mteremko mkali. Kisha niliwaambia watazame nje ya dirisha, wanionyeshe mahali ambapo mistari hiyo ingebanana. Mikono ilielekea kila upande. Wengine walinyoosha mkono kwenye kilele chenyewe, kana kwamba ukali ni urefu. Hawakuwa wajinga wale. Walikuwa wamefundishwa ramani kama mtu anavyofundishwa sala ya lugha asiyoijua, na wangeifundisha hivyo hivyo kwa watoto 90 katika chumba kimoja. Wa sekondari ndio kabisa, maana wanayakariri hayo kwa Kiingereza, na neno wanalolikariri halijawahi kuwachosha miguu.

Chukua ramani ya 1:50,000. Kila sentimita mbili za karatasi ni kilomita moja ya ardhi. Hilo kila mwanafunzi anaweza kulikokotoa. Lakini mpeleke Mindu na ramani hiyo mkononi. Sentimita mbili za kwanza, kwenye mashamba, atazimaliza huku anapiga soga. Sentimita moja ya mwisho, kwenye mawe, itamla saa nzima na itamchubua goti. Pale ndipo anapoelewa kwamba mistari iliyobanana si wino, ni jasho. Sihitaji kumwuliza swali la mtihani tena. Mpe na kipimajoto, akining'inize kivulini pale chini na akiandike, kisha akining'inize kivulini tena pale juu. Vitabu vinasema hewa hupoa kiasi cha nusu digrii na ushee kwa kila mita 100. Jua na upepo vitamvurugia hesabu, nayo haitatoka kama ya kitabuni, na hapo ndipo mwalimu mwenye akili hupata kipindi kizima cha kuzungumza ni kwa nini.

Akifika juu atauona Uluguru ng'ambo ya bwawa, na mawingu yameukalia, ilhali yeye amekaa juu ya jiwe la moto. Atauliza kwa nini. Mwalimu amwambie kwamba pepo zenye unyevu zinatoka baharini, zinaukuta mlima, zinapanda, zinapoa, zinaacha mvua upande wa mashariki na kileleni, na upande huu unapata makombo. Mto Morogoro unaokatiza mjini unatoka kwenye mawingu yale. Unaingia Ngerengere, Ngerengere unaingia Ruvu, na Ruvu ndio unaowanywesha watu wa Dar es Salaam. Mtoto aliyepanda akiwa na kiu anayasikia maneno hayo kwa sikio jingine.

Wapo watakaoniambia: mzee, hatari. Mtoto akivunjika mguu nani atajibu? Nawaheshimu, maana mwalimu mkuu hulala na hofu hiyo kila siku. Lakini nawaomba wasimame nje ya lango la shule yoyote ya mjini saa 12 jioni, wakati wa kutoka tuisheni, wahesabu pikipiki zilizopakia watoto watatu kwa mpigo, mtindo ambao vijana wenyewe wanauita mishikaki. Hatari hiyo tumeizoea, basi hatuiiti hatari. Mlima una sheria zake, na sheria hizo hufundishika. Usiende wakati wa masika, mawe yanateleza. Usingoje Septemba na Oktoba, moto wa nyasi unaweza kukukuta. Nenda Juni au Julai, anza saa 12 asubuhi kabla jua halijakomaa. Gawa watoto sita sita, na katika kila kundi mwenye mguu mzito ndiye atangulie, ili asiachwe. Asipite mtu chini ya mwenzake aliye juu ya jiwe, kwa sababu jiwe dogo likiporomoka haliulizi. Kwenye kuparamia, mikono miwili na miguu miwili ni viungo vinne: vitatu vishike, kimoja ndicho kitembee. Usitie mkono kwenye ufa usioona ndani yake, huenda mwenyeji yumo. Kwa miaka 17 nilipanda na watoto kwa sheria hizo, na tulichorudi nacho ni mikwaruzo, upupu, na mara moja kiatu kimoja badala ya viwili.

Wengine wanasema hakuna muda. Hawa ndio wengi siku hizi. Jumamosi kuna masomo ya ziada, likizo kuna kambi za kitaaluma, watoto wa madarasa ya mtihani hawajui tena mchana wa kucheza ukoje. Mwalimu mkuu mmoja kijana, mtu mwema tu, aliniambia, "Mzee wangu, shikamoo, lakini mlima hauna alama." Nilimwitikia marahaba, kisha nikamwuliza swali la ramani katika mtihani lina alama ngapi, na watoto wake wanapata ngapi kati ya hizo. Alicheka, akabadili mazungumzo. Mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 unataka umahiri, mtoto aweze kutenda alichojifunza. Vizuri sana. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea alilalamika kwamba shule zinamtenga mtoto na jamii inayomzunguka na kumfanya aamini kwamba maarifa yote yamo vitabuni. Zaidi ya nusu karne imepita, na mtoto bado anachora mlima kwa kunakili picha ya kitabu, mgongo ameupa mlima wenyewe.

Hoja ya tatu sina subira nayo: kwamba kupanda milima ni mambo ya Wazungu. Kila alfajiri akina mama wa Kiluguru wanashuka Uluguru na ndizi na mboga kichwani kuja sokoni, na mchana wanapanda tena kurudi makwao. Hans Meyer alipofika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889, mizigo ya safari yake ilibebwa na watu weusi. Na usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliusimika Mwenge wa Uhuru na bendera yetu juu ya kilele hicho hicho. Taifa hili lilianza maisha yake kwa kupanda mlima! Kinachowashangaza watu wetu si kupanda, ni kupanda bila mzigo kichwani. Nami najibu kwamba mtoto wa shule anao mzigo: anakwenda kuchukua maarifa, na yana uzito wake.

Hapa nifikie jambo linalonikera kuliko yote. Shule zetu siku hizi zinazo "ziara za kimasomo". Basi hukodiwa, watoto wakapelekwa mbuga ya Mikumi, kwenda na kurudi siku moja. Sina ugomvi na Mikumi. Ugomvi wangu ni orodha. Wiki mbili kabla ya safari huandikwa orodha ya waliolipa, na siku ya safari basi huondoka na waliolipa. Katika shule moja niliyoitembelea baada ya kustaafu niliwakuta wasiolipa, yapata watoto thelathini, wanafagia uwanja. Walikuwa wanafagia taratibu, kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kufanya hadi saa ya kwenda nyumbani. Nyuma yao ulikuwapo Mindu, bure, bila tiketi. Nilimwuliza mwalimu wa zamu kwa nini hakuwapeleka hata chini ya mlima. Akasema, "Kule kuna nini, mzee?"

Kule kuna nini! Nitamjibu kwa mfano mmoja tu. Mwaka 1994 katika darasa langu la sita alikuwapo mvulana ambaye baba yake alikuwa mchoma mkaa. Kimasomo alikuwa wa mwisho au wa pili kutoka mwisho, mwaka hadi mwaka, na alikuwa amejifunza kukaa pembeni, kama watoto wa namna hiyo wanavyojifunza. Orodha ya basi isingemjua kabisa. Siku tuliyopanda Mindu, mambo yaligeuka tangu kwenye vichaka vya kwanza. Alijua upupu uko wapi, alijua nyasi ipi inashikika na ipi inang'oka, alijua nyani wakipiga kelele za namna fulani wameona nini. Kabla hatujafika nusu ya njia watoto wa wakubwa, wenye viatu, walikuwa wanamfuata nyayo kwa nyayo na kumwuliza kila kitu.

Tulipumzika mahali ambapo ramani ilionyesha mstari wa buluu, kijito. Nikawaambia watafute kijito. Yule mvulana akaitazama ramani, nadhani kwa mara ya kwanza aliitazama kwa hamu, akasema, "Ni hapa tulipokaa, mwalimu. Ramani inasema kweli ya zamani. Bibi yangu alikuwa anateka maji hapa." Tulikuwa tumekaa juu ya changarawe kavu na majani. Msichana mmoja akauliza maji yamekwenda wapi. Kimya. Nilikuwa na jibu la kitabuni, lakini nilinyamaza, na nashukuru nilinyamaza. Mvulana akajibu mwenyewe, bila kumtazama mtu: "Miti ilikatwa kule juu. Baba naye alikata. Tulikuwa hatuna kitu kingine."

Hakuna aliyemcheka. Tulipofika juu, bwawa la Mindu lilikuwa chini yetu, na pale mto Ngerengere unapoingia maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Bwawa hilo lilijengwa miaka ya 1980, na ndilo linaloupa mji sehemu kubwa ya maji yake, na udongo wa vilima umekuwa ukilijaza. Sikuwa na haja ya kuwaambia udongo ule unatoka wapi. Walikuwa nao kwenye soksi.

Kwenye kuta za shule zetu tumeandika kwa rangi ya mafuta "Tunza mazingira yakutunze." Mtoto anaisoma kila siku kama anavyosoma tangazo la soda. Ni amri ya watu wanaoutazama mlima kutoka chini, na amri za namna hiyo zina historia mbaya hapa hapa Morogoro. Kuanzia mwaka 1950 Waingereza waliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko. Shabaha yenyewe haikuwa mbaya, lakini kazi ilikuwa ya kuua, matuta yaliinua udongo usio na rutuba, na mwenye shamba hakuulizwa. Julai 1955, huko Matombo, watu walikataa, ghasia zikazuka, polisi wakafyatua risasi na mtu akafa. Mpango ukavunjika. Mlima hauokolewi kwa maandishi ya ukutani wala kwa faini. Yule mvulana na wenzake hawakuhitaji faini kuelewa kijito kimekwenda wapi.

Najua pia neno la mwisho la wapinzani wangu: Mindu ni hifadhi ya msitu, mtu haingii ovyo. Naam, na naunga mkono. Mwalimu aandike barua, aombe ruhusa, ataje idadi ya watoto na saa ya kurudi. Lakini barua ya mwalimu isikae mezani wiki tatu ikingoja mhuri, kwa maana mwenye shoka na tanuri la mkaa hakuandika barua, na alfajiri utamkuta barabarani na baiskeli yake imebeba magunia. Tukimzuia mwenye daftari na kushindwa kumzuia mwenye shoka, tumelinda nini? Na mtoto wa shule asitozwe hata shilingi moja kuingia katika msitu wa mtaani kwake. Ada ya kiingilio imuhusu mgeni aliyekuja kupiga picha.

Kuhusu wasichana nitasema kwa ufupi, kwa sababu hoja yenyewe ni fupi. Wazazi wengine hunijia wakisema binti haparamii mawe, si adabu. Binti huyo huyo wanamtuma kuni. Avae suruali ya michezo chini ya sketi, awepo mwalimu wa kike katika msafara, basi, yamekwisha.

Ninalolidai si kubwa. Vyuo vya ualimu viweke sharti kwamba mwanachuo hapati alama ya mazoezi ya kufundisha mpaka awe ameongoza darasa moja nje ya kuta: mlimani, mtoni, au shambani, popote shule ilipo karibu napo. Mwalimu mkuu wa shule iliyo chini ya mlima atenge Jumamosi moja ya Juni au Julai kwa kila darasa kuanzia la tano, na watoto wote waende, mwenye viatu na asiye na viatu, yaani wa ndala akopeshwe raba na darasa jingine kama tulivyokuwa tunafanya. Mahitaji ni ramani moja, kipimajoto kimoja, madumu manne ya maji, mihogo ya kuchemsha, filimbi, na kamba ya katani ya mita 20 kwa ajili ya yale mawe mawili makubwa karibu na kilele, ambapo wadogo huhitaji kitu cha kushika. Kamba yangu bado ninayo, imetundikwa nyuma ya mlango wa stoo. Nimeikagua mwezi uliopita, haijaliwa na panya. Mwalimu atakayeihitaji aje aichukue.